Kemia ya jiko la mkaa
Kuna mwandishi kaandika kwamba madogo wanakimbia kemia wakifika form three, sawa, ila mi naona shida ni tunavyofundishwa. Mtu kakariri kaboni monoksaidi, ile gesi ya sumu inayotoka kwenye mkaa unaowaka, akapata A yake, halafu baridi ya Makete kule Njombe ikimkamata anaingiza jiko la mkaa chumbani, anafunga dirisha analala, eti moshi si umeisha, mkaa umeshakuwa mwekundu! Sasa hiyo gesi bado inatoka, haina rangi wala harufu na inang'ang'ania damu mara 200 na zaidi kuliko oksijeni, kichwa kinauma kidogo unadhani uchovu wa shamba kumbe ndo unaondoka hivyo. Kulitoa jiko nje hakugharimu kitu jamani. Walimu, maabara hamna tunajua, ila jiko lipo kila nyumba, anzieni hapo basi