Baiskeli ya Umeme Huanza Kufa Kwenye Plagi

Mtu anayetaka kufunga mota kwenye baiskeli yake ana maswali yake matatu: mota ni ya wati ngapi, betri inakwenda kilomita ngapi, na mlima itaupanda? Habari za plagi za kuunganishia hivyo vyote haulizi. Zinatafutwa siku ya mwisho, mota imeshakaa kwenye gurudumu, na inachukuliwa yoyote iliyopo kwenye meza ya muuza vipuri. Wengine hukimbilia zile konekta nyeupe za skrubu zinazofungwa kwenye nyaya za nyumba. Mimi nasema plagi ichaguliwe siku ile ile unayochagua betri.

Hesabu yenyewe ni ya darasani. Mota inayovuta wati 1,000 kwenye betri ya volti 48 inadai kama ampia 21. Kwenye volti 36, kazi hiyo hiyo inadai 28. Sasa, joto kwenye kiungo halipandi sambamba na ampia: mkondo ukiwa mara mbili, joto linakuwa mara nne. Kiungo kizuri chenye ukinzani (ugumu wa kupitisha umeme) wa mili-omu moja, ukipitisha ampia 20, hakifikishi hata nusu wati ya joto. Kilicholegea kikafika mili-omu 20 kinatoa wati 8, na wati 8 ndani ya kipande cha plastiki kisichozidi kidole gumba hazina pa kutokea.

Ndiyo maana plagi iliyoungua mara nyingi imeungua upande mmoja. Ishike uitazame vizuri: plastiki ya njano imegeuka kahawia kuizunguka pini ya chanya, pini yenyewe imelala, na upande wa hasi bado unang'aa. Umeme uliopita pande zote mbili ni ule ule. Tofauti ni risasi ya kulehemu. Upande wa hasi iliyeyuka ikapenya kati ya nyuzi za waya, upande wa chanya ilikaa juu juu tu kwa sababu pasi ya kulehemu ilikuwa ndogo na fundi ana haraka.

Halafu kuna hizi namba kwenye majina ya plagi za njano za XT. XT60 imewapoteza wengi, wanadhani inabeba ampia 60 kutwa nzima. Amass wanaoitengeneza wanaipa 30 za mfululizo. 60 ni za muda mfupi. XT90 nayo ni 45 za mfululizo. Kwa mota ya wati 250 au 500, XT60 inatosha kabisa. Kwa 1,000 kwenda juu, usibishane, weka XT90.

Tena weka ile yenye herufi S mwishoni. Ndani ya kontrola, kile kifaa kinachoipimia mota umeme, kuna kapasita, yaani vihifadhi vidogo vya umeme, na ukiunganisha betri zinameza umeme kwa mpigo mmoja: pa! Cheche ile si ya kutisha watoto tu, inatoboa vishimo kwenye ngozi ya dhahabu ya pini, na kila kishimo kinaongeza ukinzani. XT90-S ina kizuizi kidogo ndani yake, kapasita zinajaa taratibu kabla pini hazijagusana sawasawa. Kwa anayechomoa betri kila jioni aingie nayo ndani, sioni sababu ya kuikosa.

Plagi aina ya Powerpole za Anderson zina wapenzi wake, maana hazina dume wala jike, pande zote mbili zinafanana. Mezani ni tamu. Kwenye barabara yenye makorongo sizitaki bila kufungwa kamba ya plastiki, kwa sababu mtikisiko unazivuta polepole.

Pwani kuna adui mwingine. Muuza samaki wa Dar es Salaam anapakia tenga nyuma, maji ya chumvi yanachuruzika hadi kwenye ekseli, pale pale waya wa mota unapotokea. Nyaya tatu nene za mota zitavumilia kidogo. Zile tano nyembamba za vihisi, vinavyoiambia kontrola mota imefika wapi katika mzunguko, hazivumilii, zikipata kutu mota inaanza kushtukashtuka badala ya kuzunguka. Hapo nunua waya wenye plagi ya duara isiyopitisha maji, aina ya Julet au Higo yenye pini tisa. Ubaya wake ni kwamba pini ikipinda, huitengenezi, unabadilisha waya mzima. Kwa hiyo linganisha mishale iliyo kwenye plagi kabla ya kusukuma.

Upande wa betri uwe jike siku zote, pini zikiwa zimejificha. Pini za nje zenye umeme zinasubiri spana moja tu zipige shoti. Na chaja isifanane plagi na njia ya kwenda kwenye mota. Betri nyingi zina njia mbili, na ukichajia kwenye ile ya kutolea umeme unaweza kuukwepa ulinzi wa betri bila kujua. Zikiwa tofauti kwa umbo, hata mtoto aliyetumwa kuchaji hawezi kukosea.

Ukilehemu XT, ichomeke kwanza kwenye mwenzake, maana nailoni ya plagi ikipata moto hulegea na pini huhama. Ule mpira unaosinyaa kwa joto uuvishe waya kabla ya kushika pasi. Baadaye haupiti.