Bima isiyoniuliza naumwa nini

Sukari yangu ilisoma 6.6 asubuhi, kabla sijatia chochote mdomoni. Daktari akanambia kisukari huanza kuhesabiwa 7.0, kwa hivyo mimi niko ukumbini, sijaingia chumbani. Nirudi baada ya miezi 3. Nina miaka 26. Mamangu anaumwa sukari, na nyanya alizikwa na mguu mmoja. Kutoka pale hadi kituo cha matatu nilikuwa nawaza bima, hata mahamri ya asubuhi sijayakumbuka.

Shoga yangu mmoja anauza bima za afya za kampuni binafsi. Nilipomweleza, akacheka. "Kwani umeambiwa u mgonjwa? Jaza fomu leo leo, hicho kikaratasi kitie mkobani." Nikaichukua fomu, nikaisoma kitandani usiku. Swali lenyewe halikuishia kwenye kuumwa. Liliuliza kama nimewahi kupimwa, kushauriwa au kutibiwa kwa magonjwa fulani, na sukari ilikuwa ya pili kwenye orodha. Nikiandika la, halafu siku ya bili waombe faili langu la hospitali, wana haki ya kukataa kulipa. Nitakuwa nimetoa pesa mwaka mzima kununua uongo wangu mwenyewe.

Na hata nikisema kweli? Ukurasa wa mbele una milioni 1 kwa herufi kubwa. Ukurasa wa sita, kwa herufi za mchwa, unakwambia hiyo milioni ni ya kulazwa. Ugonjwa uliokuwa nao kabla ungoje mwaka, kisha una kiwango chake kidogo. Na matibabu ya kwenda na kurudi yanataka malipo mengine. Sukari haimlazi mtu kila mwezi. Inamla kidogo kidogo: vijiti vya kupimia, vidonge, macho, vidonda vya miguu. Mama ana miaka hajalala hospitali, lakini hakuna mwezi unaopita hajasimama kwenye dirisha la dawa. Kijana anayeogopa ugonjwa wa kudumu na akanunua bima ya kulazwa peke yake amenunua mwavuli wa kufunikia viatu.

Ndiyo maana nimeishia SHA, bima ya afya ya serikali hapa Kenya, na najua wengine mtanicheka. Tangu ilipochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, lawama hazijaisha, na nyingi ni za haki. Mimi mwenyewe nimewahi kukaa benchini saa 3 kwa sababu mtambo umegoma. Lakini nilipojiandikisha kwa *147# na kujaza yale maswali ya kupima uwezo wangu wa kulipa, niliulizwa paa la nyumba, maji, choo. Damu yangu hakuna aliyeiulizia. Kwa mtu aliye ukumbini kama mimi, hapo ndipo penye uzito. Zahanati na vituo vya afya vinamtibu aliyejiandikisha bila malipo. Hospitali kubwa ndizo zinazotaka uwe umechanga.

Ugomvi wangu nao ni kwenye kuchanga. Mwenye mshahara anakatwa asilimia 2.75 kila mwezi, hata haoni. Mimi napaka maharusi piko na hina. Shaabani ni harusi juu ya harusi, nalala vidole vyeusi. Ramadhani ikiingia sina bibi harusi hata mmoja. Mimi ndiye ninayeambiwa nitoe ya mwaka mzima kwa mkupuo: shilingi 610 mara 12, yaani 7,320. NHIF ilikuwa 500 kwa mwezi, ukikwama unajua umekwama mwezi upi. Kuna mpango wa Lipa SHA Pole Pole, lakini ule ni mkopo, na mimi mkopo wa kuumwa kabla sijaumwa umenikaa vibaya. Aliyepanga hivi hajawahi kuishi kwa pesa za msimu.

Nyinyi mlio bado kwenye bima ya kazini kwa baba, na hasa wenye sukari, pumu au selimundu katika ukoo, itazameni tarehe yenu ya kutolewa. Bima nyingi hazivuki miaka 25, na wengine hutolewa mapema zaidi wakishamaliza chuo. Anzeni kulipa yenu kabla ya hapo.

Nimelipa kwa pesa za harusi 2 za Kisauni. Mama akaiona fomu ya shoga yangu mezani, akauliza, "Na hii?" Nikamwambia Shaabani ijayo nikijaaliwa nitaijaza, na penye sukari nitatia alama kwenye ndiyo. Akavuta kikombe changu cha chai, akaonja, akasukuma bakuli la sukari upande wake.