Kabla ya Kunijazia Upepo, Niulize Gari Lina Kilo Ngapi

Jumamosi iliyopita tulipata pancha ya mbele kushoto hapa Nakuru, tukasimama kwa mafundi wa tairi. Kijana aliyetuhudumia alifanya kazi safi. Alitoa msumari, akaziba, akakaza nati kwa zamu inavyotakiwa. Kisha akashika bomba la kompresa akajaza tairi zote mbili za mbele mpaka geji ikasoma paundi 65. Nikamwuliza mbona 65. Akanijibu kwa heshima kabisa: "Mama, hii ni HiAce. HiAce zote za steji ni sitini na tano." Tulitakiwa Kisumu kabla ya giza na mvua ilikuwa inashuka kutoka Menengai. Nikalipa, tukaondoka. Sikupaswa kuondoka.

Gari letu lilikuwa matatu zamani. Tuling'oa viti vyote vya nyuma tukaweka kitanda, kabati, jiko la gesi, betri mbili na tangi la maji la lita 60. Mimi na mume wangu tunalala humo wiki nzima tukizunguka Kericho, Vihiga na Siaya kwa wafugaji wa nyuki. Kwa hiyo mtu akiniambia ni HiAce kama HiAce nyingine, ananiambia nyumba yangu na basi la abiria kumi na wanne vina uzito mmoja, tena umekaa mahali pamoja.

Kufika Salgaa nilikuwa nimeshaanza kuhisi. Usukani ulikuwa mwepesi kupita kiasi, na kila kiraka cha lami kilirusha pua ya gari. Vikombe viligongana kabatini tangu Mau Summit mpaka njia panda ya Londiani. Karibu na Kericho, mvua ikinyesha, trekta la chai liliingia barabarani mbele yetu. Nilikanyaga breki na magurudumu ya mbele yakateleza kabla ya kushika. Hatukugonga mtu. Mikono yangu ilitetemeka mpaka mume wangu akachukua usukani.

Tairi iliyojazwa kupita mzigo wake hukanyaga kwa kifua tu, yaani katikati. Mabega yake hayagusi lami sawasawa. Sehemu inayoshika barabara hupungua, na kwenye lami iliyolowa ndipo utakapojua. Tairi za mbele ndizo zinazokata kona, na ndizo zinazobeba kazi kubwa ya breki. Hapo si pa kukisia.

Sasa hiyo 65 inatoka wapi? Inatoka ubavuni mwa tairi. Zetu ni 195R15C, na baada ya saizi kuna namba 106/104. Hiyo 106 ni ya tairi inayokaa peke yake upande wake, kama zote za mbele, na maana yake ni kilo 950. Ile 104 ni ya tairi zinazofungwa mbili mbili, kilo 900 kila moja. Tairi yetu hubeba kilo 950 ikiwa na paundi 65. Kwa hiyo anayejaza 65 mbele anatayarisha ekseli ya mbele kubeba kilo 1,900. Gari letu halijawahi kuweka uzito huo mbele hata siku moja.

Najua kwa sababu tulilipima. Tulipomaliza kulitengeneza tulienda kwenye mizani ya mfanyabiashara wa vyuma chakavu, tangi la maji likiwa limejaa, mtungi wa gesi umejaa, sisi wawili tumeketi mbele. Ekseli ya mbele: kilo 1,340. Ya nyuma: 1,560. Tukaomba tupime upande mmoja mmoja, na hapo tukajifunza jambo ambalo macho yasingetuonyesha: mbele kushoto kilo 640, mbele kulia 700. Tangi la maji liko nyuma ya kiti cha dereva, na lita moja ya maji ni kilo moja. Injini ya HiAce nayo imekaa chini ya viti vya mbele, kwa hiyo pua ni nzito tangu mwanzo.

Upande mzito ndio unaoamua, na tairi zote mbili za ekseli moja hupewa upepo sawa. Usijaze kulia zaidi ya kushoto, gari litakuvuta. Kwa kilo 700, jedwali la uzito na upepo la tairi kama zetu linakuweka karibu na paundi 45. Sisi tunaweka 50 ili pawe na akiba ya barabara mbovu na mizinga ya nyuki tunayopewa njiani. Nyuma tunaweka 60.

Nakubali jambo moja, ingawa kwa shingo upande: ukilazimika kukosea, heri ukosee juu. Tairi yenye upepo mchache hupinda ubavu kila inapozunguka, hupata moto ndani, na siku moja hupasuka ukiwa mteremkoni. Yule kijana huenda amefundishwa kuogopa hilo, na ana haki ya kuliogopa. Lakini kati ya 50 na 65 kuna nafasi kubwa, na mizani haiko mbali.

Kuhusu saizi sina mengi, ila hili nalisema kwa uchungu. Mwaka jana muuzaji mmoja alitaka kunifungia 195/65R15 kwa bei nafuu. "195 ni 195, na rimu ni ile ile ya 15, mama." Hiyo ni tairi ya gari dogo la kawaida, kama Toyota Premio. Namba yake ya mzigo ni 91, yaani kilo 615. Mbele kulia yangu ina kilo 700 gari likiwa limesimama tu, kabla ya shimo, kabla ya breki. Ingeingia kwenye rimu vizuri, ingependeza, na ingenibeba mpaka siku ambayo isingenibeba. Tafuteni ile C mwishoni mwa saizi, alama ya tairi za magari ya kazi, na msome namba ya mzigo kabla ya kuuliza bei. Tarehe ya kutengenezwa nayo iko pale pale ubavuni: 2318 ni wiki ya 23 ya mwaka 2018.

Tena, tafadhali msipunguze upepo mkifika Kisumu. Unapima Nakuru alfajiri kukiwa na baridi, unafika Ahero jua la saa saba, geji inasoma 55 au zaidi. Hewa imepata joto, basi. Ukiitoa, kesho asubuhi utakuta tairi laini. Pima gari likiwa limelala usiku mzima, kwa geji yako mwenyewe.

Siku ile tulisimama Kericho, tukapika chai ndani ya gari, tukangoja tairi zipoe, tukashusha mpaka 50. Kuanzia hapo hadi Awasi vikombe vilinyamaza.

Nimebandika karatasi kwenye mlango wa dereva: MBELE 50, NYUMA 60, ASUBUHI. Nilipita kwa yule kijana Jumatatu nikamwonyesha, nikamweleza habari za mizani. Alisikiliza vizuri, akauliza kama lori dogo la baba yake nalo linaweza kupimwa hivyo. Nikamwambia linaweza, na nikamwelekeza mahali. Sisi wenyewe tunarudi huko wiki ijayo, kwa maana tumefunga betri ya tatu chini ya kiti cha abiria na ile 640 ya kushoto si ya kweli tena.