Vipimo vikiwa safi na mgonjwa bado anaumwa

Oktoba 2023 makumi ya wanafunzi wa shule ya wasichana ya Eregi, Kaunti ya Kakamega, walipelekwa hospitalini wakiwa hawawezi kutembea vizuri, wengine miguu ikitetemeka. Wakuu wa afya wa kaunti walisema ni histeria ya pamoja, yaani wasiwasi unaoenea kwa kundi na kujitokeza kama dalili za mwili, wakitaja wasiwasi wa mitihani. Huenda walikuwa sahihi. Ila mzazi akiambiwa "histeria", anachosikia ni "binti yako anaigiza".

Ndiyo maana wapo wanaotaka daktari aendelee kupima mpaka apate kitu. Hawakosei kabisa. Ugonjwa kama lupasi, ambapo kinga ya mwili inaushambulia mwili wenyewe, unaweza kuchukua miaka kabla haujatambuliwa, na mtu akishaandikiwa "ni mawazo tu" ni nadra kuchunguzwa upya, hata dalili zikibadilika.

Lakini kupima nako kunaumiza. Mtu wa Kondele, mjini Kisumu, anayeumwa kichwa, tumbo likiwaka na mwili mzito, anaingia kliniki ya mtaani na kupimwa Widal, kipimo kinachoweza kuonyesha taifodi hata kwa aliyepona zamani. Anapewa antibiotiki. Mwezi unaofuata amerudi. Daftari lake limejaa "malaria, taifodi" ukurasa baada ya ukurasa, na hakuna palipoandikwa kama analala usiku au nyumbani kuna nini. Kila sindano imezidi kumhakikishia kuwa kuna mdudu mwilini.

Mimi naegemea wanaotaka vipimo vipunguzwe, kwa sharti moja: mgonjwa asiambiwe ni msongo wa mawazo kwa sababu tu maabara haikuona kitu. Kwa mguu uliolegea, kwa mfano, ipo alama aliyoieleza daktari Hoover wa Marekani mwaka 1908. Mgonjwa analala chali, anaambiwa akandamize kitanda kwa kisigino cha mguu huo, anashindwa. Kisha anainua mguu ule mwingine, usio na tatizo, huku daktari akiuzuia, na kile kisigino kilichoshindwa kinakandamiza chenyewe. Nguvu ipo, ila haiji anapoukusudia mguu. Maumivu yanaweza kuipotosha alama hii, lakini mgonjwa akioneshwa ana kitu cha kushika, tofauti na kuambiwa "huna kitu". (Haigharimu hata shilingi, labda ndiyo sababu haina wapenzi.)

Tena si lazima kuchagua kati ya mwili na akili. Mwongozo wa Marekani wa magonjwa ya akili, DSM-5 wa 2013, hauulizi tena kama dalili zimekosa sababu ya kimwili. Unauliza zimemtawala mtu kiasi gani: hofu, muda, kuhangaika hospitali hadi hospitali. Hata mwenye kisukari kilichothibitishwa anaweza kuwa na tatizo hilo la kutawaliwa na dalili.

Kwa hapa kwetu ningeanza na tarehe ya kurudi: daktari yuleyule, kila baada ya wiki nne, amezidiwa au hajazidiwa, ili asilazimike kuzidiwa ndipo asikilizwe. Katika vituo vya umma, ambako leo unahudumiwa na huyu na kesho na yule, hilo ni gumu kuliko kuagiza Widal nyingine.