Tangi la bafa kwenye chila: mabomba mawili au manne?

Usiku wa manane, vyumba vingi vya hoteli vikiwa vimeshapoa, chila (mashine ya kupoza maji ya kiyoyozi) ya kW 500 hubaki na kazi ndogo kuliko kiwango chake cha chini kabisa. Hupoza maji upesi, hujizima, kisha huwaka tena baada ya dakika chache. Oili iliyotoka pamoja na gesi haipati muda wa kurudi kwenye kompresa, na mota inaungua pole pole kwa joto la kuanza mara kwa mara. Tangi la bafa, yaani tangi la akiba ya maji baridi, hurefusha muda wa chila kuwaka. Kinachobishaniwa ni mahali pa kulifunga: kwenye bomba la marejeo (linalorudisha maji kwenye chila) la mzunguko wa kwanza, yaani wa chila, kwa mabomba mawili, au katikati ya mzunguko wa kwanza na wa pili, yaani wa vyumbani, kwa mabomba manne?

Kwanza ukubwa, maana hapa ndipo watu hukosea mapema. Kanuni ya mkato inadai lita 3.2 za maji kwenye mfumo kwa kila kW katika majengo ya kawaida, na lita 6.5 hadi 10.8 kwa kazi za kiwandani. Kwa kW 500 hiyo ni lita 1,600. Mita 80 za bomba la milimita 150 tayari zinashika karibu lita 1,500, kwa hiyo mtu anaweza kuamua kwamba tangi halihitajiki. Lakini piga hesabu yenyewe. Chila hiyo haishuki chini ya asilimia 25, yaani kW 125. Mzigo wa usiku ni kW 40. Tunataka iwake walau dakika 10, na maji yaruhusiwe kubadilika nyuzi 3. Tofauti ya kW 85 mara sekunde 600 ni kJ 51,000. Gawanya kwa 4.19 (kJ za kupasha lita moja ya maji nyuzi moja), kisha kwa 3, upate lita 4,050 hivi. Toa zile 1,500 za mabomba, ongeza asilimia 15 au zaidi kidogo kwa maji yasiyosogea, na tangi ni la lita 3,000. Kwa lita 1,600 peke yake chila ingewaka dakika 4 tu. Na usihesabu maji yaliyoko nyuma ya vali zilizofungwa za fan koili (vifaa vya kupoza hewa vyumbani), kwa sababu hayo hayazunguki.

Wanaopenda mabomba manne wana hoja nzito. Maji baridi yanaingia na kutoka chini, ya moto juu, na tangi lenyewe linatenganisha mizunguko. Chila ikizima, pampu ya kwanza nayo inazima. Mzunguko wa pili unaendelea kunywa ubaridi wa chini ya tangi. Pampu ya lita 20 kwa sekunde yenye hedi (kimo cha msukumo wa maji) ya mita 15 hula takriban kW 5, kwa hiyo kuipumzisha kila usiku ni umeme wa maana. Kwenye mabomba mawili hilo haliwezekani: pampu ya kwanza ikizima, maji ya mzunguko wa pili hupita kwenye bomba la kiungo, lile linalounganisha bomba la kwenda na la marejeo, na kulikwepa tangi kabisa.

Tatizo ni kwamba tangi la mabomba manne linategemea tabaka za joto, na tabaka hizo ni dhaifu mno. Mita ya ujazo ya maji ya nyuzi 6 ina kilo 999.9, ya nyuzi 12, kilo 999.5. Lita 20 kwa sekunde kupitia mdomo wa milimita 150 huingia kwa kasi ya mita 1.1 kwa sekunde, na kasi hiyo inavuruga kila kitu. Yakichanganyika kabisa, maji ya 6 na ya 12 huwa 9. Chila inaona marejeo ya 9, inadhani mzigo ni nusu, inapunguza kazi. Huku koili zikipokea maji yasiyoweza kukausha hewa ya Dar es Salaam au Mombasa. Wageni watalalamika unyevu, na fundi ataangalia chila isiyo na kosa lolote.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu: mabomba manne yafungwe pale tu tangi limetengenezwa kwa kazi hiyo. Kipenyo mita 1.2, kimo mita 2.65, midomo ya milimita 250 ili kasi ishuke hadi 0.4, na ndani mabomba yenye matundu, ya chini yakielekea sakafuni na ya juu yakielekea kifunikoni. Sensa ziwe mbili: ya chini ikipata joto, chila iwake, ya juu ikipoa, izime. Kama dari ya chumba ni fupi, au tangi ni pipa tupu la chuma, funga mabomba mawili kwenye marejeo, tia vizuizi ndani ili maji yasikate njia ya mkato kutoka mdomo hadi mdomo, na uache bomba la kiungo fupi, pana kama bomba kuu, bila vali.

Insulesheni (ganda la kuzuia joto) iwe ya seli zilizofungwa, isiyopitisha unyevu, ifunike hata miguu ya tangi. Kwa unyevu wa pwani, mguu mmoja ulioachwa wazi hutiririsha maji na kuoza kwa kutu.

Siku ya majaribio, punguza pampu ya pili iwe chini ya ya kwanza, kisha linganisha joto la maji yanayotoka kwenye chila na yale yanayoingia mzunguko wa pili. Yakipishana zaidi ya nusu nyuzi, tangi linachanganya.