Jiwe la Tabaka na Tundu la Barbara Hepworth

Twiga wa jiwe la Kisii akifika dukani shingo imekatika, lawama humwangukia aliyefunga katoni. Magazeti hayakutosha, lori lilirushwa kwenye matuta, na kadhalika. Mara nyingi kosa lilikuwa limeshafanyika Tabaka, mji wa wachongaji huko Kisii, kabla msasa haujaguswa. Jiwe hustahimili kukandamizwa bila taabu. Ukilivuta au kulipinda, hukatika. Shingo ya sentimita 25 yenye unene wa kidole gumba, juu ya miguu minne iliyo myembamba zaidi, hupindwa kila gari linaporuka. Hakuna karatasi ya kuitibu hali hiyo.

Kwa hiyo tunashikilia kwamba mchongaji wa Kisii atafaidika zaidi kwa kuzitazama kazi za Barbara Hepworth, mchongaji wa Uingereza wa karne ya ishirini, kuliko katalogi ya wanunuzi. Huku kwetu sanamu zake zisizo na macho wala masikio hudharauliwa, eti ni za mtu aliyeshindwa kuchonga mnyama. Sisi tunaona kinyume: yale maumbo ya mviringo yenye tundu yanatokana na kulielewa jiwe, hata kabla ya maneno makubwa ya makumbusho.

Hepworth alizaliwa mwaka 1903 Wakefield, Yorkshire, Uingereza. Baba yake alikuwa mpimaji wa kaunti, na alimchukua garini katika safari za kazi. Binti akazoea kuvisoma vilima na mabonde kama umbo la kushikwa. Mwaka 1920 aliingia chuo cha sanaa cha Leeds, alikokuwa pamoja na Henry Moore, ambaye naye alikuja kuwa mchongaji maarufu, kisha wakaenda Royal College of Art, London. Desturi ya wakati ule ilikuwa msanii afinyange udongo, halafu fundi mwingine anakili kwenye marumaru. Hepworth aliikataa. Alikwenda Italia mwaka 1924, na akiwa Roma akafundishwa kukata marumaru na fundi Giovanni Ardini. Tangu hapo patasi ikawa mkononi mwake.

Agosti 1939, vita vikinukia, alihamia St Ives, Cornwall, pamoja na mumewe, mchoraji Ben Nicholson, na watoto wao mapacha watatu. Cornwall ni nchi ya matale. Mtu wa Seme aliyezoea kuiona miamba ya Kit Mikayi, au wa Maragoli mwenye majabali nyuma ya nyumba, asingepotea kule: mawe yamebebana, upepo hautulii, maji yako mbele. Kuna hata Mên-an-Tol, jiwe la kale lililotobolewa tundu kubwa la duara. Sanamu yake Pelagos ya mwaka 1946 ilitokana na ghuba ya St Ives: mti wa elmu uliochimbwa ndani, mikono miwili ikikunjana kama nchi kavu inavyoizunguka ghuba, ndani kumepakwa rangi hafifu, na nyuzi zimevutwa kutoka mkono mmoja hadi mwingine. Hakuna wimbi lililochongwa pale, lakini bahari inaonekana.

Tundu lenyewe lilitangulia Cornwall. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 alitoboa kipande cha jiwe la alabasta la rangi ya waridi, kazi iliyoharibiwa baadaye wakati wa vita. Alabasta ni laini na hukwaruzika upesi, tabia ambazo fundi wa Tabaka anazijua kwa jiwe lake. Basi tuseme jinsi ya kutoboa, maana hapo ndipo wengi huharibu.

Kwanza mwagia jiwe maji, ulisafishe, uache uso ukauke. Ufa hubaki na mstari mweusi wa unyevu baada ya sehemu nyingine kukauka. Ligonge kwa mpini wa nyundo: likilia sauti wazi ni zima, likijibu kwa sauti butu lina ufa ndani, lisitobolewe. Kisha angalia tabaka za jiwe zinalala upande gani. Zikikata mahali utakapoacha ukuta mwembamba, geuza jiwe au geuza mchoro.

Tundu lianze jiwe likiwa bado nene. Anayemaliza umbo la nje kwanza ndipo atoboe, humalizia kwa vipande viwili. Chora duara pande zote mbili, toboa kwa keekee matundu madogo ndani ya duara, kutoka upande huu hadi katikati, kisha kutoka upande wa pili mpaka yakutane. Ukisukuma keekee hadi itokeze, jiwe humeguka kwenye mlango wa kutokea na kuacha kovu pana ambalo msasa hauliondoi. Vunja kuta kati ya matundu kwa patasi nyembamba na mapigo mepesi, halafu panua kwa tupa ya mviringo. Kwa sanamu ya sentimita 30, tusingeacha ukuta ulio chini ya sentimita 3, na kona ya ndani iwe ya duara daima. Kona kali ndiyo inayoanzisha ufa.

Kulainisha, akina mama wa Tabaka hawahitaji somo: msasa wa maji namba 120, kisha 220, 400 na 600, ndani ya beseni. Kosa ni kuruka namba. Mikwaruzo ya 120 hujitokeza tena nta ikipakwa. Nta nayo isubiri jiwe likauke kabisa, vinginevyo madoa meupe hubaki chini yake. Anayekata kikavu afunike pua na mdomo kwa barakoa ya vumbi, si leso.

Kwenye mbao tundu lina kazi nyingine. Miaka ya 1950 Hepworth alipokea shehena ya magogo makubwa ya guarea, mti wa mbao ngumu, kutoka Nigeria, akayachimba ndani na kupaka nyeupe. Corinthos ya 1954 hadi 1955 ni mojawapo. Gogo likikauka, husinyaa zaidi kwa mzunguko wake kuliko kuelekea moyoni, kwa hiyo hupasuka kama moyo umo. Ukiuchimba moyo, unapunguza mkazo huo, na hewa huukausha mti kutoka pande zote mbili. Wachongaji wa jakaranda wa Nakuru wanaopaka gundi na vumbi la mbao kwenye nyufa wangeokoa kazi kwa kulichimba gogo mapema.

Hatumsifu kwa kila kitu. Tangu mwaka 1956 aliingia kwenye bronzi, shaba ya kuyeyushwa na kumiminwa, na baadhi ya kazi hizo hazina ule ubishi wa mkono na jiwe. Single Form, ya mita 6.4, iliyozinduliwa Umoja wa Mataifa, New York, mwaka 1964 kumkumbuka Dag Hammarskjöld, Katibu Mkuu wa Umoja huo aliyekufa katika ajali ya ndege karibu na Ndola, Zambia ya leo, inajitetea. Nyingine hazijitetei vizuri. Pia alikuwa na wasaidizi kwenye karakana, Denis Mitchell akiwa mmoja wao. Basi wanaosema kazi ya Tabaka si sanaa kwa sababu familia nzima hushiriki, wamuulize na yeye.

Na Tabaka tayari ina mfano wake. Enyamuchera, ndege wa amani wa mchongaji Elkana Ong'esa, yuko makao makuu ya UNESCO, Paris. Ndege yule hakuundwa kwa miguu ya vijiti.

Pingamizi la kweli ni uzito. Jiwe hili lina takriban kilo 2.7 kwa lita. Kipande cha sentimita 30 kwa 30 kwa 20 kina kilo 49 hivi. Ukikizungusha kiwe kama yai, hubaki kilo 25, na nauli ya ndege hulipwa kwa kilo. Kwa mteja wa ng'ambo, chonga yai la sentimita 12 kwa 10 kwa 8: haifiki kilo moja na nusu, hata kabla ya tundu. Ile kubwa itafutiwe hoteli au bustani Kisumu na Nakuru, iende kwa pikapu, ikilazwa juu ya gunia la maranda.