Kioo kipya, kamera hazijapimwa

Kokoto ya lori ilinipasulia kioo cha mbele pale Chalinze. Sawa, barabara ndiyo hiyo. Kinachonikera ni gereji: wamebandika kioo kipya, wamepokea hela, wamenikabidhi funguo, na hakuna aliyezitaja kamera! Subaru yangu ina kamera mbili juu, nyuma ya kioo. Ndizo zinazosoma mistari ya barabara na kupima umbali wa gari la mbele ili breki zijishike zenyewe. Kioo kikibadilishwa, lazima zipimwe upya: gari kwenye sakafu iliyo sawa, ubao wa shabaha mbele yake kwa vipimo kamili, kompyuta ya kupimia imeunganishwa. Kamera ikipinda nyuzi 1 tu, kwenye mita 50 inakosea karibu sentimita 87. Sentimita 87, jamani! Nilipouliza, fundi akanijibu, "Bosi, taa ya onyo kwenye dashibodi si haijawaka?" Taa kutowaka si kipimo! Nina watoto siti ya nyuma. Kama vifaa hawana, waseme mapema, niwatafute wenye navyo kabla kioo hakijang'olewa.